Rangi ya Choo cha Mtoto Mchanga na Programu ya Simu: Maswali na Majibu

Kwa nini mzazi apige picha ya kinyesi cha mtoto wake?

Kwa sababu rangi ya kinyesi hutokana na kazi ya ini. Ini hutengeneza nyongo, nyongo hupita katika mirija myembamba hadi kwenye utumbo, na humo ndimo kinyesi kinapopata rangi yake ya manjano, kijani au kahawia. Mirija hiyo ikiziba, nyongo hurudi nyuma na kuanza kuliunguza ini, huku choo kikipauka hadi kufanana na chokaa, udongo wa pemba au unga wa mhogo uliolowa maji. Zipo sababu kadhaa za hali hiyo, lakini inayoogopwa zaidi ni ugonjwa ambao mirija ya nyongo iliyo nje ya ini huvimba na kufungwa kabisa katika wiki za mwanzo za maisha, na madaktari huuita biliari atresia.

Ugonjwa huu ni adimu. Ulaya na Amerika Kaskazini humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na Taiwan huonekana zaidi ya hapo. Uadimu wake ndio unaouficha, kwani mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao. Isitoshe, mtoto mwenyewe haonekani mgonjwa: hunyonya vizuri, hulala, huongezeka uzito, na bibi yake humsifu kwa mashavu. Kinachosema ukweli mapema ni nepi.

Wazo la kutumia simu lilitoka wapi?

Lilitanguliwa na karatasi. Wajapani ndio walioanza kuwapa wazazi kadi yenye picha za rangi za vinyesi ili walinganishe na walichokiona nyumbani, na mwaka 2004 Taiwan ikaieneza kadi ya aina hiyo nchi nzima kwa kuiweka ndani ya kijitabu cha afya ambacho kila mtoto hupewa. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi zaidi walifikishwa kwa daktari wa upasuaji wakiwa bado wadogo. Shida ya kadi ni kwamba hupotea, huchujuka, na ikichapishwa upya kwa wino tofauti rangi zake hazibaki zile zile. Mwaka 2014 madaktari wa Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, walitoa programu ya simu iitwayo PoopMD, na baadaye Japani na Italia nako zikaundwa programu zake.

Utaratibu hautofautiani sana. Mzazi hupiga picha ya nepi iliyochafuka, huchagua sehemu ya kinyesi, na programu hulinganisha rangi hiyo na rangi zilizokwisha kuainishwa na wataalamu, kisha hutoa jibu kwamba choo ni cha kawaida, kimepauka, au hakieleweki vizuri.

Je, jibu lake ni la kuaminika?

Kwa kiasi, na ni vyema kujua kiasi hicho. Katika majaribio ya PoopMD yaliyochapishwa mwaka 2015, programu ilivitambua vinyesi vyote vilivyopauka, na kati ya vile vya kawaida ilivipa jibu sahihi asilimia 89. Hizo ni takwimu nzuri, ila zilitokana na picha chache, zisizofika hamsini, na kwa ugonjwa adimu kama huu kosa dogo huzaa hofu nyingi: wengi wa wazazi watakaoambiwa kwamba choo kimepauka watakuwa na watoto wazima. Kwa maoni yangu hiyo ni gharama inayobebeka, kwa kuwa anayekwenda hospitali bure hupoteza nauli na nusu siku, ilhali anayebaki nyumbani kimakosa anaweza kulipoteza ini la mtoto.

Kosa lililo kubwa zaidi ni kuitegemea programu kukanusha kile ambacho macho yameona. Ikiwa kinyesi ni cheupe machoni pako na simu inasema hakuna tatizo, yaamini macho yako uende hospitali. Vilevile programu hizi huangalia mpauko tu. Haziwezi kukueleza kama mtoto anaharisha, ana minyoo, au anapata maziwa ya kutosha.

Picha ipigwe vipi?

Mama mmoja wa mtoto wa wiki tano aliwahi kunionyesha picha mbili akiuliza ni ipi aiamini. Katika ya kwanza, iliyopigwa usiku chini ya balbu ya manjano, choo kilionekana kama binzari. Ya pili, iliyopigwa asubuhi karibu na dirisha, ilionyesha kinyesi cha rangi ya majivu. Nepi ilikuwa ile ile. Taa ya manjano humkopesha mtoto rangi asiyokuwa nayo, na hapo ndipo simu na macho hudanganyika pamoja.

Kwa hiyo ipige mchana, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, bila tochi ya simu, na nepi ikiwa bado mbichi, maana kinyesi kikikauka au kikikaa muda hubadilika rangi. Nepi nyeupe ndiyo inayofaa, kwa sababu weupe wake huisaidia kamera kupima mwanga. Wanaofunga watoto vipande vya kanga au nepi za kitambaa zenye rangi watandike kitambaa cheupe kisafi kwanza. Kamera zenye mapambo, zile zinazong'arisha picha zenyewe, zizimwe.

Choo cha mwanangu ni kijani. Nina hofu.

Kijani hutisha watu wengi na aghalabu hakina neno. Ni nyongo hiyo hiyo iliyopita haraka tumboni. Siku mbili tatu za kwanza choo huwa cheusi na chenye kunata kama lami, kisha hugeuka kijani, kisha manjano, mara nyingi chepesi na chenye punje punje kwa anayenyonya maziwa ya mama, na kizito kidogo, chenye rangi iliyofifia, kwa anayetumia maziwa ya kopo. Cheusi kikirudi baada ya siku hizo za mwanzo kwa mtoto asiyepewa dawa ya madini ya chuma, au damu ikionekana, mpeleke hospitali.

Mtoto ana macho ya manjano na nimeshauriwa nimwanike jua la asubuhi. Niendelee?

Swali hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Kwanza tutenganishe majina: umanjano huu hauhusiani na homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Watoto wengi huwa na umanjano siku chache baada ya kuzaliwa kwa kuwa ini bado ni changa, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili, ingawa mkali au ule unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza huhitaji hospitali mara moja. Ukiendelea baada ya siku 14, mtoto anapaswa kupimwa damu, na jua si tiba yake. Umanjano huletwa na bilirubini, rangi ya manjano iliyomo katika damu, na mwanga huivunja ile tu ambayo ini halijaishughulikia. Bilirubini iliyokwisha kupita kwenye ini ikakosa njia ya kutoka haiguswi na jua, hata mtoto akianikwa kila siku hadi arobaini. Nadhani ushauri huu wa jua, unaotolewa kwa nia njema na majirani na hata baadhi ya wahudumu, ndio unaokula siku nyingi zaidi kabla mtoto hajafikishwa hospitali.

Kwa ngozi nyeusi, umanjano utafute kwenye weupe wa macho, fizi na nyayo. Tazama na mkojo pia. Mkojo wa mtoto mchanga hauna rangi au ni wa manjano hafifu sana. Ukiacha doa la rangi ya chai kwenye nepi huku choo kikipauka, dalili za mirija kuziba zimekutana.

Programu imesema choo kimepauka. Hatua gani zifuate?

Rudia picha na nepi inayofuata, lakini usisubiri zaidi ya siku moja. Nenda hospitali yenye maabara ukiwa na kadi ya kliniki, picha zenye tarehe, na nepi yenyewe ndani ya mfuko. Omba kipimo cha bilirubini kinachotenganisha sehemu zake mbili, iliyokwisha kupita kwenye ini na ambayo bado, kwa sababu jumla peke yake haitoshi. Uliza pia kama mtoto alipata vitamini K alipozaliwa, kwani nyongo isipofika tumboni vitamini hiyo hainyonywi vizuri na mtoto anaweza kuvuja damu, hata ubongoni.

Ikithibitika kwamba mirija imeziba, hufanywa upasuaji uliobuniwa na daktari Mjapani Morio Kasai katika miaka ya 1950, ambapo mabaki ya mirija huondolewa na kipande cha utumbo kuunganishwa na ini ili nyongo ipate njia. Hufaulu zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60, na kila wiki inayoongezeka baada ya hapo hupunguza matumaini. Baadhi ya watoto huhitaji kupandikizwa ini hata hivyo, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki hilo humaanisha safari ya gharama kubwa, mara nyingi hadi India.

Niendelee kuangalia hadi lini?

Angalau miezi miwili ya kwanza. Choo cha kawaida cha wiki ya kwanza hakitoshi, kwa sababu katika ugonjwa huu rangi huweza kufifia polepole, leo manjano, wiki ijayo krimu, na anayekiona kila siku huizoea bila kujua. Hapo ndipo picha za zamani ndani ya simu husaidia, hata bila programu yoyote: weka ya wiki ya kwanza kando ya ile ya jana.