Kosta moja, vizazi vitatu: kumpeleka bibi Marangu kutoka Dodoma

Simu huwa inaanza hivi: "Dada, tunataka bibi akauone mlima kabla hajachoka zaidi." Sauti ni ya mtu wa miaka arobaini na kitu, mara nyingi mtumishi wa umma, na nyuma yake nasikia watoto wakigombea rimoti. Nauliza mko wangapi. "Kumi na wanne. Wakija wa Singida, kumi na tisa." Hapo ndipo ninapochukua kalamu.

Huu ni mwaka wangu wa 11 kupanga safari za familia hapa Dodoma. Wazungu wana kampuni zao Arusha na Moshi. Wateja wangu ni watu wa mitaa ya hapa kama Kisasa, Nkuhungu, Ipagala: wana bibi kijijini Mvumi, watoto bweni, na shangazi wawili wasiopikika chungu kimoja. Uzuri wa Kilimanjaro, na wa Marangu iliyo miguuni pake, umeshaandikwa sana, sitaurudia. Leo naandika yale yanayoharibu safari, ambayo karibu yote hutokea kabla mlima haujaonekana.

Tuanze na tarehe, kwa sababu mji huu una kalenda yake. Nusu ya wateja wangu hawapati likizo Bunge la Bajeti likiwa linaendelea, yaani kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Watoto wanafunga shule mapema Juni na kufungua mapema Julai. Ukizilaza kalenda hizo mbili pamoja, kinachobaki ni siku za kuhesabu, na Dodoma nzima inazitaka hizo hizo. Kosta nzuri, yale mabasi madogo ya kukodi, zinakuwa zimeshawekwa oda mwezi Mei.

Wengi hunipendekezea Desemba. Nakataa. Desemba Wachagga wanarudi kwao, barabara ya Moshi inajaa, vyumba vinapanda bei, na wewe mgeni unajikuta umejipenyeza kwenye sikukuu ya watu. Machi hadi Mei ni masika, na njia za Marangu zinateleza kama zimepakwa mlenda. Kama nyumbani hakuna mtoto wa darasa la saba anayesubiri mtihani, mimi napenda yale mapumziko mafupi ya mwanzoni mwa Septemba. Kumekauka, na ile baridi ya Julai inayowafanya wazee wakatae kutoka kitandani inakuwa imelegea.

Kutoka Dodoma hadi Marangu kwa njia ya Kondoa, Babati na Arusha ni zaidi ya kilomita 500. Kijana mwenye Crown yake atakwambia anaondoka alfajiri na mchana anakula nyama Moshi. Mwache aende. Kosta ya abiria haitakiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa, na kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki chini ya mti. Kwa hiyo nawalaza Babati. Ni kama kilomita 250, mnafika mchana, wazee wananyoosha miguu, watoto wanapelekwa ziwani kutazama viboko kwa mbali. Siku ya pili mnaianza mkiwa watu.

Hapo lazima atokee mmoja: "Si tupitie michoro ya Kolo, iko njiani?" Michoro hiyo ya miambani ya Kondoa imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na sisi wa kanda ya kati tuna haki ya kujivuna nayo. Lakini Mongomi wa Kolo, moja ya sehemu zenye michoro hiyo, si pa kushuka, kuchungulia na kurudi garini. Unaacha lami, halafu unapanda mawe kwa miguu. Ukiiingiza katika siku hii, mama mwenye magoti mabovu atabaki kwenye gari saa mbili akitazama vumbi. Ipangieni siku yake, nendeni vijana.

Zile kona za kuanzia Kolo kupanda Bereko zitawatapisha watoto. Wakae mbele, mifuko iwe karibu, na asubuhi hiyo wasinyweshwe maziwa. Basi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna anayelitaja kwenye simu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilisafiri na familia moja ya hapa mjini. Gari lilikuwa la kwao na dereva alikuwa mkwe wa nyumba, kwa nia njema kabisa, ili kupunguza gharama. Mama mkwe, bibi wa miaka sabini na kitu, alikaa siti ya pili, mkoba mapajani. Kondoa wote wakashuka, yeye akabaki. Nikampelekea chai. "Hapana mwanangu, sina kiu." Tulipofika Babati midomo ilikuwa imemkauka na kichwa kinamgonga. Nikamuuliza kama amemeza dawa. Akafungua mkoba, akatoa khanga, akafungua fundo kwenye pindo lake: vidonge vya presha, na cha asubuhi ile kikiwa bado kipo. Akaninong'oneza, "Hiki kinanikojoza. Nitamsimamisha mkwe wangu mara ngapi?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa amekata shauri tangu jana yake: asimeze dawa, asinywe maji, asimsumbue mtu. Tangu siku hiyo nimewakuta wazee wengi wa namna hiyo, na wengi wao watakwambia wamemeza.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni hii: mkwe haendeshi. Kodisheni gari lenye dereva wake na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya kubeba abiria wa kukodi. Ya pili, gari linasimama kila baada ya saa moja na nusu, na anayetangazwa kuwa anahitaji kupumzika ni dereva. Dereva wangu anajua mchezo huu, anashuka na kujinyoosha mgongo hata kama hajachoka. Mzee akisikia gari limesimama kwa ajili ya dereva, atashuka. Akisikia limesimama kwa ajili yake, atakaa. Ya tatu, wiki mbili kabla ya safari mpelekeni kliniki akaulize dawa hiyo imezwe saa ngapi siku ya safari. Msimbadilishie wenyewe. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiende kwenye buti, pamoja na kadi ya bima na karatasi yenye majina ya dawa. Moshi kuna KCMC, hospitali kubwa ya rufaa, lakini daktari wa huko hajui bibi yako anameza nini.

Na kwa kuwa nimemtaja mkwe: kwa wengi wetu mama mkwe na mkwe wa kiume wana adabu yao. Hawakai siti moja, hawali wakitazamana, na hawawezi kupishana na taulo mlangoni mwa bafu. Watoto wenu waliozaliwa mjini hawalijui hili. Mimi huchora siti za Kosta na vyumba kwenye daftari kabla sijalipa hata shilingi ya kushikia nafasi. Nyumba nzima ya kupanga yenye vyumba sita na bafu mbili huonekana rahisi kwenye bei, mpaka usiku wa kwanza ufike.

Kuhusu vyumba, usiamini neno "chini". Niliwahi kuhakikishiwa kwa simu kwamba vyumba vyote viko chini. Kweli vilikuwa chini: chini ya barabara, ngazi 43 kutoka gari linapoegeshwa. Nilizihesabu nikiwa nimemshika babu mkono, naye akizihesabu kwa sauti. Sasa namwomba mhudumu ashike simu, aanzie maegesho, atembee hadi kitandani, aingie chooni, bila kukata video. Dakika mbili tu. Naangalia ngazi, taa za nje, kama choo ni cha kukaa, kama kuna kitu cha kushikia. Halafu nauliza maji ya moto na blanketi la pili kwa kila kitanda, kwa sababu mtu wa Dodoma huamini anaijua baridi. Asiyetaka kurekodi hiyo video, ameshanijibu.

Jikoni pia kuna mtego. Mkiagiza chakula cha watu 16 saa moja jioni, mtakula saa tatu, watoto wakiwa wamelala na mwenye kisukari anatetemeka. Agizeni mchana. Mtori, ile supu nzito ya ndizi, unafaa kwa wote, kuanzia asiye na meno bado hadi aliyeyamaliza. Lakini siku ya pili ya ndizi bibi wa Kigogo ataanza kuuliza ugali. Yule wa vidonge alikuwa na kopo la mlenda mkavu kwenye begi, akaingia jikoni mwenyewe, na wapishi wa Kichagga wakasimama kumtazama akiuvuta kwa mwiko. Ndiyo picha pekee ya safari ile iliyochapishwa na kutundikwa ukutani.

Mkishafika Marangu, ratiba yangu ni jambo moja la pamoja kwa siku, la saa mbili au tatu, asubuhi. Muda mwingine kila rika na lake. Familia hupinga: "Tumetoka mbali, tuzunguke wote." Watu 16 wakizunguka wote, mwendo unakuwa wa babu na hasira zinakuwa za vijana.

Maporomoko ya maji ndipo panapohitaji akili. Kushuka ni rahisi na kila mzee atasema anaweza. Lakini deni hulipwa wakati wa kupanda kurudi. Kinukamori yako karibu na barabara na ngazi zake zinavumilika, ukimpa mzee muda na mkono. Kilasiya mteremko wake ni mkali na una tope, hayo ni ya vijana. Materuni, upande wa Moshi, ni mwendo mrefu wa miguu, lakini kijijini kule kuna kukaanga na kutwanga kahawa kwa nyimbo, kwa hiyo wazee wanabaki kwenye kahawa wakati wengine wanakwenda majini.

Vijana watataka kuingia mlimani. Wanaweza kupanda hadi Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji, na kurudi siku hiyo hiyo. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, Mandara ni kama 2,700, na njia ni msitu mtupu, kilomita 8 hivi kwenda. Lazima muwe na mwongozaji. Watoto wadogo waacheni na bibi, mlima una masharti yake ya umri. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA, kwa sababu ada ya Mtanzania na ya mgeni ni mbingu na ardhi, na ada ya hifadhi hailipwi kwa noti getini. Ni kwa kadi au kwa ile kontroo namba. Wazee wafike hadi getini tu. Wasimulieni wajukuu habari za Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa aliwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, kisha wote wanywe chai.

Fedha ndiyo imevunja safari nyingi kuliko baridi. Kaka ana watoto watano, dada hana mtoto. Mkigawa kwa vichwa, kaka anaona anaonewa. Mkigawa kwa nyumba, dada analipia watoto wa kaka. Mimi nagawa mara mbili. Gari, dereva, na gharama zote za wazee zinagawanywa sawa kwa kila mtoto wa mzee mwenye kipato. Vitanda, chakula na viingilio ni kwa vichwa. Juu yake wekeni asilimia 10 ya dharura ambayo haina mjadala. Mweka hazina awe mkwe wa kike, anayeogopwa kidogo. Mtoto wa kwanza hafai, huwa anasamehe madeni ya wadogo zake halafu ananuna njia nzima.

Na kama mna siku mbili tu, msije kwangu na Kilimanjaro. Pandeni treni ya SGR hadi Morogoro, takriban saa mbili, mkale mapumziko yenu chini ya milima ya Uluguru.

Mlima wenyewe huonekana asubuhi sana, saa 12 hadi saa 3 hivi, kabla mawingu hayajaufunika. Saa hizo vijana wamelala. Wanaokuwa macho ni wazee na watoto wa miaka mitatu, kwa hiyo huwa naagiza chai itoke saa 12 kwa ajili yao tu. Bibi yule, asubuhi ya mwisho, alikaa nje na mjukuu mapajani, wamejifunga blanketi moja. Alikitazama kilele cha Kibo kwa muda, akasema ni kuzuri. Kisha tukatembea taratibu kwenye njia ya migombani, na pembeni ulikuwepo mfongo, ule mfereji wa Kichagga, maji yanapita yenyewe, hakuna foleni ya ndoo, hakuna anayelinda. Akasimama. Akainama kwa shida, akatia mkono majini hadi kwenye kifundo, akauacha humo.

"Yanakwenda wapi haya?"

Nikamwambia yanashuka mashambani, yanayobaki yanaingia mitoni, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, hadi Mto Pangani, hadi baharini.

"Yote?" akauliza. "Na hakuna hata mfereji mmoja unaokuja kwetu?"

Hatukwenda kwenye maporomoko siku ile. Tulikaa pale mfereji ukipita, mjukuu akitupa majani na kuyakimbiza, mpaka dereva akaja kutuambia ndizi zimeshapakiwa.