Futi tano za kivuli: kutembea George Town kwa miguu

Ukishuka kwenye kivuko kinachotoka Butterworth, upande wa bara, wapite madereva wa teksi kwa adabu, vuka barabara ya Pengkalan Weld, ingia mjini kwa miguu. Begi likiwa zito litangulize hotelini, lakini siku ya kwanza usikubali kuzungushwa na gari. Mimi kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale, na nimelelewa Mji Mkongwe, Zanzibar. Nilipokwenda Penang, kisiwa cha Malaysia chenye mji huu wa George Town, nilidhani nakwenda kutazama kuta na mapaa. Siku tatu nzima nikawa natazama sakafu.

Kibao cha kwanza kilichonisimamisha kiliandikwa Gat Lebuh Chulia. Lebuh ni mtaa. Gat limetokana na neno la Kihindi la ngazi za kushukia majini, na sikio langu likasikia gati papo hapo. Ila pale kiliposimama kibao hapana maji. Bahari ilifukiwa mwishoni mwa karne ya 19 ili bandari ipate nafasi, na mitaa inayoanza na Gat ni vipande vilivyoongezwa juu ya kifusi. Endelea mbele kidogo utaikuta Lebuh Pantai, yaani Mtaa wa Pwani, na hapo ndipo mawimbi yalipokuwa yakipiga. Sisi hatuwezi kushangaa: Darajani kuna soko, kuna daladala, na daraja lenyewe utalitafuta usilione.

Baada ya hapo ndipo unapoingia kivulini. Nyumba za mji huu ni nyumba za duka: chini biashara, juu watu wanalala. Uso wake ni mwembamba, mita tano au sita, lakini kwa ndani nyumba inakwenda mita thelathini na zaidi, na katikati huachwa uwazi wa kuingiza hewa na mwanga, kazi ile ile ya ua wetu. Kwa mbele, ghorofa ya juu imetokeza na kukaa juu ya nguzo, na chini yake pana njia ya kupita. Wenyeji wanaiita kaki lima. Kaki ni mguu, na pia ni futi. Lima ni tano. Nilitoa futi yangu mfukoni nikapima: nyingi zinazidi tano.

Mwaka 1822, ofisa Mwingereza Stamford Raffles alipokuwa anapanga mji wa Singapore, aliagiza kila nyumba iwe na varanda ya upana maalumu, iliyoungana na ya jirani, iwe wazi kwa wapita njia wakati wote. Desturi hiyo ikaenea hadi Penang. Sababu utaielewa saa saba mchana. George Town uko karibu digrii tano kaskazini ya ikweta, sisi tuko sita kusini, jua ni lile lile. Lakini Mji Mkongwe kivuli chetu kinatoka kwa jirani wa mbele: kuta ndefu, vichochoro vyembamba, mchana mtaa mzima uko kizani. Kule Waingereza walichora mitaa iliyonyooka, mipana ya kupitisha mikokoteni, kwa hiyo kivuli ilibidi kijengwe.

Na kimejengwa kwa mapatano ya ajabu. Ardhi ya kaki lima ni ya mwenye nyumba, haki ya kupita ni ya kila mtu. Mwenye duka naye anapata mteja asiyekimbizwa na jua wala mvua. Tatizo ni kwamba binadamu akiona kivuli anataka kukaa. Baraza letu limejengwa kwa ajili hiyo hiyo ya kukaa. Kaki lima ni ya kupita, na ugomvi haujaisha tangu zamani. Huko Singapore mwaka 1888 wakubwa walipotaka kuziondoa bidhaa za wafanyabiashara varandani, zilizuka ghasia. Leo Penang utakuta pikipiki, meza za mkahawa, mitungi ya gesi, na mahali pengine mtu amejenga ukuta kabisa. Hapo unashuka barabarani, jua linakupiga utosini, unahesabu nguzo mpaka uweze kurudi.

Tazama chini. Kila nyumba ina sakafu yake. Kwenye Lebuh Chulia nilipita juu ya vigae vyekundu vya udongo vilivyolika katikati, hatua sita mbele vigae vya saruji vyenye maua ya kijani, kisha saruji tupu yenye doa la mafuta. Kwa kuwa kila mtu alijenga kwa kimo chake, sakafu inapanda na kushuka bila taarifa. Mimi nilikuwa nimeinua kichwa nashangaa plasta ya chokaa, nikakosa kidaraja kimoja, mguu ukaishia ndani ya mtaro hadi kwenye goti. Mzee aliyekuwa anauza ubani hata hakushtuka.

Mwaka 2008 George Town uliingia kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Melaka, miaka minane baada ya Mji Mkongwe. Wageni wengi hudhani mji ulinusurika kwa sababu watu walipenda historia. Kwa macho yangu, uliokolewa zaidi na sheria ya mwaka 1966 ya kudhibiti kodi za nyumba. Kodi ilikuwa ndogo mno, mwenye nyumba hana faida ya kuvunja wala ya kukarabati, basi mitaa mizima ikabaki imesimama, imechakaa lakini ipo. Udhibiti ulipokoma mwaka 2000, wapangaji wengi wa zamani wakahama, mafundi kwa wachuuzi, na hoteli zikaingia. Ukiona kaki lima safi mno, yenye maua ya vyungu na haina mtu, jua kuna aliyeondoka.

Michoro ya ukutani ya Lebuh Armenian, ile ya msanii Ernest Zacharevic ya mwaka 2012, utaiona tu. Fuata foleni ya watu wenye simu. Mimi nakushauri upinde kona, uende Lebuh Acheh. Kuna msikiti wa mwaka 1808 wenye mnara wa pembe nane, ulioanzishwa na Tengku Syed Hussain, mfanyabiashara wa Aceh, kule Sumatra, mwenye asili ya Hadhramaut. Ndiyo, Hadhramaut ile ile iliyotuletea masharifu wa Lamu. Mahujaji walikuwa wakikusanyika mtaa huu kungoja meli za kwenda Makka.

Nilikuwa narudi kutoka huko mvua iliponikuta. Si manyunyu, kwa dakika moja barabara ikawa mto. Sote tukajibana kaki lima: wasichana wa skuli, mtalii na baiskeli yake, mama na kapu la mboga. Fundi viatu aliyekuwa ametandaza vitu vyake njia nzima akaanza kukunja, gundi, nyundo, soli, akavirundika ukutani ili tuenee. Akaniangalia suruali iliyokauka tope la mtaroni.

"Apa khabar?" akauliza.

"Nzuri," nikajibu, kabla sijakumbuka niko wapi.