Homa ya Mashamba ya Mpunga: Kipimo Kikisema Huna Malaria

Mkulima wa Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya, akija kliniki na homa kali, kichwa kikimgonga na mwili umelegea, kwanza tunamdunga kidole tupime malaria. Ni sawa kabisa, maana huku kandokando ya Ziwa Victoria malaria haijatuacha. Linaloniumiza mimi, afisa wa kliniki ninayehudumia watu wa nyanda za Kano, ni kinachofuata kipimo kikionyesha hakuna malaria. Mgonjwa hupimwa Widali, akaambiwa ana taifodi, akapewa dawa na kurudi nyumbani. Widali si kipimo cha kutegemea peke yake, kwani huweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyeipata zamani au asiye nayo kabisa.

Kuna ugonjwa mwingine tunaoupita mlangoni: leptospirosisi, ambayo Tanzania waliiita homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022. Hapa kwetu magharibi mwa Kenya ulizuka Bungoma mwaka 2004, na wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliougua.

Bakteria wake hukaa ndani ya figo za panya. Panya mwenyewe haumwi. Anaweza kuishi nao miezi mingi akikojoa kwenye matuta, kwenye mifereji na ghalani. Ng'ombe, nguruwe na mbwa pia huweza kuwabeba. Jua na ukavu huwaua upesi, lakini kwenye maji yaliyotuama au tope lisilokauka huishi kwa wiki kadhaa, hata miezi. Sasa mtazame mama anayepandikiza miche ya mpunga: ameinama tangu asubuhi, miguu mitupu, maji yamemfika magotini. Magaga ya kisigino, mkwaruzo wa nyasi, jeraha dogo la mundu, yote ni milango. Maji yakimrukia machoni, huo nao ni mlango. Mto Nyando ukifurika, hata asiyelima anayakanyaga maji hayo hayo.

Homa huanza mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Mimi huminya vigimbi. Mgonjwa akiruka kwa maumivu ya vigimbi na kiuno, na macho yamekuwa mekundu bila tongotongo, nashuku. Wengi hupata nafuu wenyewe. Wachache homa huwapoa siku chache kisha ikarudi kwa nguvu: macho yanakuwa ya njano, mkojo unapungua, wengine wanakohoa damu. Hapo figo na mapafu viko hatarini.

Kipimo cha uhakika hakipo kwenye zahanati, na katika siku za mwanzo kipimo cha kingamwili huweza kutoka safi ilhali mtu anaugua. Kwa hiyo ninapoushuku sana sisubiri majibu. Doksisaiklini au penisilini hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na huyo mama akiwa mjamzito hapewi doksisaiklini. Dawa ya malaria haimsaidii kitu, inampotezea siku.

Huko Queensland, Australia, miaka ya 1930 wakata miwa waligoma wakidai mashamba yachomwe kabla ya kukatwa, kwa sababu ya ugonjwa huu wa panya. Nawakumbuka kila ninapopita mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, kwa kuwa wakata miwa hao walilazimika kupigania mahali salama pa kufanyia kazi.

Tunashauri gambuti, lakini najua hunasa kwenye tope la mpunga na ni vigumu kuzivaa siku nzima. Basi angalau funika kidonda kwa plasta isiyopitisha maji, ukitoka shambani unawe miguu kwa sabuni na maji safi, na usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Nafaka iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mahali mnapolala.

Na ukienda kliniki usiseme tu una homa. Mwambie daktari kwamba unalima mpunga au unakata miwa, ulikanyaga maji ya mafuriko lini, na kama mkojo umepungua au umebadilika rangi.