Elimu na Kazi Magharibi mwa Kenya: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana potofu: Shule bora ziko mijini.
Ukweli: Maranda iko Bondo, na Kamusinga iko karibu na Kimilili, zote mbili ni shule za kitaifa zilizojengwa mashambani. Lakini hizo ni shule za bweni zinazopokea wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, na mtoto wa boma la jirani, anayeisikia kengele yao kila alfajiri, mara nyingi huishia katika shule ya kutwa ya kaunti ndogo.

Dhana potofu: Sekondari ya kutwa ni bure tangu 2008, kwa hiyo asiyesoma amejitakia.
Ukweli: Serikali ilipanga kutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, fedha ambazo mara nyingi huchelewa, ilhali chakula cha mchana na sare hubaki mzigo wa mzazi. Katika vijiji vya Mumias, ambako familia nyingi zililipa karo kwa malipo ya miwa, pengo hilo lilizidi kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019.

Dhana potofu: Aliyezaliwa mjini ameshafika.
Ukweli: Mwulize mzazi wa Obunga au Nyalenda, mitaa ya mabanda ya Kisumu. Umaskini wa mjini nao hufukuzisha watoto shule.

Dhana potofu: Ukishahitimu, kijiji na mji vinakuwa sawa.
Ukweli: Hapa ndipo tofauti inapouma zaidi, nami naona ndipo inapozungumziwa kwa uchache. Vyuo vya kiufundi vimesogezwa hadi kwenye maeneo bunge mengi, jambo la kupongezwa, lakini mwanafunzi wa stashahada hawezi kumaliza bila atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na karakana, viwanda na ofisi zinazompokea zimejazana Kisumu, Nakuru na Eldoret. Kwa kawaida halipwi chochote. Kijana wa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, hulala kwao na kupanda matatu asubuhi. Mwenzake aliyetoka mashambani, Usenge au Budalang'i, hana budi kutafuta chumba, kulipa kodi na amana, kununua jiko na godoro, kisha kufanya kazi bure kwa miezi kadhaa. Wanaoshindwa huomba nafasi kwenye duka au ofisi yoyote iliyo karibu na nyumbani, hata kama haihusiani na walichosomea, ili tu kitabu cha kumbukumbu kipigwe mhuri. Baadaye mwajiri anapouliza uzoefu, wawili hao wana cheti kile kile, ila mmoja amewahi kushika mashine na mwingine ameisoma daftarini. Basari ya eneo bunge nayo haiwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu hundi huandikwa kwa jina la chuo, na mwenye nyumba hapokei hundi ya chuo.