Cornwall: kaunti iliyokuwa na wabunge 44 na sasa ina 6

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2015, kaunti ya Cornwall nchini Uingereza ilipeleka London wabunge sita, na wote sita walitoka Chama cha Conservative. Tarehe 4 Julai 2024 chama hicho kilipoteza kila kiti katika kaunti hiyohiyo: Labour ilipata vinne na Liberal Democrats viwili. Ukirudi nyuma hadi mwaka 2005, viti vyote vya Cornwall, ambavyo wakati huo vilikuwa vitano, vilikuwa mikononi mwa Liberal Democrats. Anayeitazama ramani ya matokeo bila kuuliza zaidi atadhani watu wa huko hubadilika rangi kama kinyonga. Swali la kwa nini viti hubadilika hivyo hutufikia mara kwa mara katika kazi yetu ya elimu ya uraia, hasa kutoka kwa wanafunzi, na jibu langu ni kwamba idadi ya viti hueleza machache kuhusu mioyo ya wapigakura na mengi zaidi kuhusu mambo mawili: mipaka ya majimbo imepita wapi, na kura zinahesabiwaje.

Cornwall iko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Imezungukwa na bahari, na upande wa nchi kavu mto Tamar unaitenga na kaunti jirani ya Devon karibu kwa urefu wote wa mpaka. Leo ina majimbo sita: St Ives, Camborne and Redruth, Truro and Falmouth, St Austell and Newquay, North Cornwall na South East Cornwall. Jimbo la St Ives linajumuisha pia visiwa vya Scilly, vilivyo mbali baharini, na kwa kuwa masanduku ya kura ya visiwani lazima yavuke maji kwanza, matokeo yake kwa kawaida huwa miongoni mwa ya mwisho kutangazwa nchini, wakati majimbo mengine yameshalala.

Kanuni ya ushindi ni ileile ambayo Kenya na Tanzania zilirithi kwa Waingereza katika kuwachagua wabunge wa majimbo: anayeongoza kwa kura ndiye mbunge, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Mwaka 2010, katika jimbo la Camborne and Redruth, mgombea wa Conservative alimshinda wa Liberal Democrats kwa kura 66 tu, kila mmoja akiwa na takriban kura 37 katika kila 100. Mwaka huohuo kiti cha Truro and Falmouth kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 435. Kaunti ikagawanyika viti vitatu kwa vitatu. Watu mia chache waliobaki nyumbani kwa sababu ya mvua wangetosha kuifanya ramani isomeke vingine kabisa, na hakuna ambaye angesema kwamba mioyo ya Cornwall imebadilika.

Lakini kisa cha Cornwall ninachopenda zaidi kukieleza ni cha kale. Hadi mwaka 1821, kaunti hii ya wavuvi, wakulima na wachimba madini ya bati ilikuwa na wabunge 44 katika baraza ambalo watangazaji wetu wa zamani waliliita Bunge la Makabwela, yaani House of Commons. Skotlandi nzima, nchi yenye historia ya ufalme wake, ilikuwa na 45. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: wabunge wawili waliiwakilisha kaunti, na miji 21 iliyokuwa na haki ya uwakilishi ilipeleka wawili kila mmoja. Sita kati ya miji hiyo, ikiwemo Bodmin, Truro na Launceston, ilikuwa na haki hiyo tangu zama za kati. Mingine 15 iliongezwa na watawala wa nasaba ya Tudor katika karne ya 16, na mingi ilikuwa vijiji kuliko miji. East Looe na West Looe ni makazi mawili yanayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja, yameunganishwa na daraja, na kila upande ulikuwa na wabunge wake wawili. Mtu angeweza kuvuka daraja kwa miguu akiwa ameacha wabunge wawili nyuma yake na kuwakuta wengine wawili mbele. Wakati huohuo Manchester, Birmingham na Leeds, miji iliyokuwa ikifurika viwanda na watu, haikuwa na mbunge hata mmoja wa kwake.

Haki ya kupiga kura nayo ilitofautiana mji kwa mji. Mahali pengine walipiga kura wajumbe wachache wa baraza la mji tu, ambao aghalabu walikuwa mfukoni mwa tajiri mwenye ardhi. Tregony ilikuwa na sifa pana kidogo: aliyestahili ni mwanamume mwenye makazi yake, yaani aliyejipikia kwenye chungu chake mwenyewe bila kutegemea jiko la mtu. Usidhani kwamba chungu hicho kiliwafanya wapigakura kuwa huru. Kura ilitamkwa kwa sauti mbele ya watu, mwenye nyumba akisikia, mkopeshaji akisikia, na wakala wa mgombea akiandika.

Rushwa ilikuwa jambo la kawaida hata ikawa kama ada ya msimu. Mji wa Grampound ulipitiliza. Mwaka 1819 mwanasiasa tajiri Sir Manasseh Masseh Lopes alipatikana na hatia ya kuwahonga wapigakura wa mji huo na akahukumiwa kifungo na faini, na mwaka 1821 Bunge likaufutia mji huo haki ya uwakilishi. Viti vyake viwili vilipelekwa kaunti ya Yorkshire, ambayo kuanzia uchaguzi wa mwaka 1826 ikawa na wabunge wanne badala ya wawili. Lopes mwenyewe alirudi bungeni kupitia Westbury, mji mwingine wa Uingereza aliokuwa ameutia mfukoni. Sheria ilikuwa imeuadhibu mji zaidi kuliko mhongaji, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki pengine hahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Sheria ya Mageuzi ya mwaka 1832 ndiyo iliyofyeka kichaka hicho. Cornwall ikashuka kutoka wabunge 42 waliokuwa wamebaki hadi 14. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872, na mwaka 1885 viti vikapunguzwa vikawa saba. Mwaka 1918 vikawa vitano, idadi iliyodumu hadi mwaka 2010 kilipoongezwa cha sita.

Huku idadi ikipungua, wapigakura waliongezeka na tabia ya kisiasa ya kaunti ikajengeka. Msingi wake ulikuwa kanisani. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alianza kuhubiri Cornwall mwaka 1743, na karne moja baadaye Wamethodisti walikuwa wameitawala kaunti kidini. Kanisa la Kianglikana lilihusishwa na wenye mashamba makubwa na chama cha Conservative, kwa hiyo Mmethodisti mchimba madini au mvuvi alijikuta upande wa Chama cha Liberal, mtangulizi wa Liberal Democrats wa leo. Makanisa hayo madogo yaliwategemea wahubiri walei, watu wa kawaida waliojifunza kusimama mbele ya wenzao na kujenga hoja, na kutoka mimbari hadi jukwaa la kampeni ni hatua fupi. Isaac Foot, aliyekuwa mbunge wa Bodmin, alikuwa mhubiri wa aina hiyo. Leif Jones wa Camborne alipigana na pombe maisha yake yote, na kwa kuwa jina lake linasikika kama neno la Kiingereza la jani, watani walimbatiza Jani la Chai.

Mwaka 1929 chama cha Liberal kilishinda viti vyote vitano vya Cornwall, ingawa kitaifa kilikuwa kimeshapitwa na Labour. Mwaka mmoja kabla, kiti cha St Ives kilikuwa kimechukuliwa katika uchaguzi mdogo na Hilda Runciman, ambaye mumewe Walter tayari alikuwa mbunge wa jimbo la Wales. Wakawa mume na mke wa kwanza kukaa pamoja katika baraza hilo. Uchaguzi mkuu ulipofika, mume ndiye aliyekishika kiti cha St Ives na mke akagombea kwingine, asifanikiwe.

Baada ya vita vya pili vya dunia chama hicho kilikaribia kutoweka, na kuanzia mwaka 1950 Cornwall haikuwa na mbunge wa chama hicho hata mmoja hadi mwaka 1964 kilipoitwaa tena Bodmin. Jimbo hilo lilikuja kutoa somo la hesabu mnamo Februari 1974, Paul Tyler alipolichukua kwa tofauti ya kura tisa, akalipoteza Oktoba ya mwaka huohuo. Labour nayo haikuwa mgeni. Falmouth and Camborne, jimbo la bandari na miji ya machimbo, lilikuwa lake kuanzia mwaka 1950 hadi 1970. Baadaye likaenda kwa Conservative, na kuanzia mwaka 1992 mbunge wake alikuwa Sebastian Coe, mwanariadha ambaye wapenzi wa mbio katika ukanda wetu wanamfahamu vyema. Mwaka 1997 haukumpendeza: Mei alipoteza kiti chake kwa Labour, na Agosti Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Denmark, akaivunja rekodi yake ya mita 800 iliyodumu tangu mwaka 1981.

Anguko la Liberal Democrats mwaka 2015 lina sababu iliyo wazi. Kwa miaka mitano walikuwa wameshirikiana na Conservative serikalini, na wafuasi waliowapa kura ili kuwazuia Conservative hawakuona tena sababu ya kufanya hivyo. Mwaka uliofuata asilimia 56.5 ya waliopiga kura Cornwall walichagua kujitoa Umoja wa Ulaya, ijapokuwa kaunti yao ilikuwa imepokea fedha nyingi za maendeleo kutoka umoja huo. Mwaka 2024 nguvu mpya ya chama cha Reform UK ilizigawa kura za upande wa kulia, na chini ya kanuni ya anayeongoza ndiye mshindi, mgawanyiko wa namna hiyo huangusha viti haraka kuliko maoni ya watu yanavyobadilika.

Mipaka bado ni suala nyeti. Sheria ya mwaka 2011 ilitaka majimbo yalingane kwa idadi ya wapigakura, na hesabu hiyo ikadai jimbo moja livuke mto Tamar ili kuuunganisha mji wa Bude wa Cornwall na Bideford wa Devon. Waandamanaji walijitokeza. Waziri Mkuu David Cameron alikuwa ameshawajibu mapema kwamba huo ni Tamar, si Amazon, kauli iliyowaudhi zaidi watu wanaojihesabu kuwa jamii ya pekee na ambao mwaka 2014 walitambuliwa rasmi kuwa kundi la taifa dogo. Mpango huo haukutekelezwa. Chini ya sheria ya mwaka 2020 wapigakura wa kila jimbo, ukiondoa machache yaliyopewa kinga, katika ugawaji uliokamilika mwaka 2023 walitakiwa kuwa kati ya 69,724 na 77,062, na bahati ni kwamba safari hii majimbo sita yalienea ndani ya Cornwall bila kuuvuka mto. Ugawaji ujao wa mipaka unatakiwa kukamilika ifikapo Oktoba 2031.

Kwa wasomaji wetu walioko huko, raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wenye umri wa miaka 18 au zaidi na wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kumchagua mbunge, kwa kuwa nchi zao ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Raia wa Burundi na Kongo hawamo. Kituoni utatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yako ya Madola inakubaliwa.