Mionzi Haiunguzi Saratani

"Daktari, kama mnaunguza uvimbe, si mniunguze siku moja nimalize?" Swali hili nimelichoka, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi yuko mbioni kuacha tiba katikati.

Mionzi haiui seli kwa joto. Dozi ya kawaida ya siku, grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), haipandishi joto la mwili hata kwa sehemu moja ya elfu ya nyuzi. Kinachotokea ni kwamba mionzi hung'oa elektroni kwenye atomu, nyingi zikiwa za maji yaliyo ndani ya seli, na mabaki yake hushambulia DNA, yaani nyuzi mbili zinazobeba maelekezo ya seli. Uzi mmoja ukikatika, seli huuunga upesi. Zikikatika nyuzi zote mbili, kazi huwa ngumu. Seli hiyo haifi papo hapo. Kwa kawaida huendelea kuishi hadi ijaribu kugawanyika, ndipo inaposhindwa. Ndiyo maana uvimbe huweza kuendelea kunywea wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Tazama pia ngozi: moto ungeiunguza siku ile ile, lakini hii huanza kuwasha na kubadilika rangi wiki ya pili au ya tatu.

Tunagawa dozi kwa sababu kati ya leo na kesho seli zenye afya hujikarabati vizuri kuliko za saratani. Uvimbe mdogo mahali panapofaa huweza kutibiwa kwa dozi chache kubwa, lakini hilo haliwafai wote. Na usikose siku! Mapumziko ya wikendi tumeshayapigia hesabu; siku unazojiongezea wewe huzipa seli za saratani zilizosalia nafasi ya kuzaliana. Kwenye saratani ya shingo ya kizazi na za kichwa na shingo, kurefusha tiba hupunguza uwezekano wa kupona. Ukizidiwa na kuhara au vidonda vya mdomo, njoo hivyo hivyo tukutibu.

Eti mgonjwa huambukiza mionzi? Mashine ya nje ikizimwa, hakuna kinachobaki mwilini. Mpakate mtoto wako. Masharti ni ya aliyemeza iodini-131, dawa inayotoa mionzi, au aliyewekewa chanzo cha mionzi ndani, naye huelezwa kabla ya kuondoka.

Simu nayo haimo kwenye mionzi ya aina hii: mawimbi yake hayana nguvu ya kung'oa elektroni.

Nywele hunyonyoka pale mionzi inapopita tu. Ukitibiwa nyonga na za kichwani zikapukutika, tuulize kuhusu dawa za saratani (kemo) unazotumia.