Ndama aliyenyamaza si lazima awe ameshiba: maswali kuhusu njaa na kiu ya wanyama wachanga

Ndama wangu kazaliwa usiku. Asubuhi nimemkuta kalala kimya, halii wala hahangaiki. Si ameshiba?

Tafadhali usiuamini ukimya wake. Mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa moto na ulimi ukakikumbatia kidole na kukivuta, nguvu ya kunyonya anayo. Mdomo ukiwa wa baridi, kidole kikakaa tu bila kuvutwa, huyo ameishiwa, hata kudai hawezi tena. Kisha pitisha mkono nyuma ya mbavu: aliyenyonya ubavu wake umejaa, asiyenyonya umebonyea. Kilio ni cha mwenye nguvu. Baridi na udhaifu hukizima mapema, na hapo ndipo tunapowapoteza wengi huku tukidhani wamelala.

Kama hajanyonya, kamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, sasa hivi. Ndama huzaliwa bila kinga ya mama katika damu yake. Huipata kwenye dang'a tu, na utumbo wake huipokea vizuri katika saa 6 za mwanzo. Baada ya siku moja mlango umefungwa. Wa kilo 30 anahitaji kama lita 3, na anayevuta kidole vizuri anaweza kupewa kwa chupa ya chuchu.

Kwani kunyonya na njaa si kitu kimoja?

Mwanzoni sivyo, na hili lilionekana wazi kwa panya wa maabara. Katika wiki mbili za mwanzo, mtoto wa panya hushika chuchu hata kama ametoka kunyonya sasa hivi. Kinachomwongoza ni harufu. Chuchu za mama zikioshwa, watoto huhangaika juu ya tumbo lake wasizishike. Zikipakwa mate yao au maji ya uzazi, huzirudia. Kinachowazuia wasizidi kunywa ni tumbo kujaa, si hesabu ya chakula mwilini. Neva za sehemu ya ubongo inayoratibu njaa bado zinaendelea kuunganishwa, kazi inayochukua wiki mbili hadi tatu baada ya kuzaliwa.

Kondoo hutangulia: neva hizo huanza kujengwa akiwa bado tumboni mwa mama.

Na kiu huanza lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanakondoo aliye karibu kuzaliwa humeza maji yanayomzunguka tumboni, na chumvi ikizidi katika damu yake, humeza zaidi. Hata mtoto wa panya wa siku chache hunywa zaidi mwili wake ukikaukiwa maji. Ila kwake kinywaji ni maziwa tu, chakula na maji kwa pamoja, kwa hiyo njaa na kiu humpeleka kwenye chuchu ileile.

Maziwa yana maji mengi. Ya nini kumwekea ndama ndoo ya maji?

Kwa sababu ya njia. Ndama akinyonya, mfereji ulio ndani hujikunja na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Tumbo kubwa la kwanza, litakalomeng'enya majani baadaye, haliyapati. Maji anayokunywa mwenyewe ndooni huingia humo, na vijidudu vya kumeng'enya haviwezi kustawi pakavu. Mwekee maji safi tangu siku za mwanzo.

Usilihamishie hili kwa mtoto wa binadamu. Yeye, miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama yanamtosha, bila maji.

Anaharisha. Nitajuaje amekaukiwa?

Finya ngozi ya shingo kisha iachie. Ikirudi palepale, afadhali. Ikibaki imesimama kama pindo la nguo, na macho yamedidimia hadi unaona nafasi kati ya jicho na kope, amepoteza maji mengi. Anayenyonya bado, usimwachishe maziwa; mpe maji ya chumvi na sukari ya ndama kutoka duka la dawa za mifugo, kwa wakati tofauti na maziwa.

Asiyevuta kidole, usimmiminie kwa chupa. Yatashuka mapafuni. Mfunike apate joto, umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, maana huyo atahitaji mrija au maji ya mshipani.